Mguu Uliotangulia Ndani

Mimi mtu wa Mombasa, na kwetu nyumba ya kale haijifichi. Ina mlango wa nakshi na ukuta unaokufanya uinue shingo. Kwa hiyo nilipotumwa Singida, mwanafunzi wa kigeni mwaka wa pili Dar es Salaam, niliiona kazi rahisi. Mwalimu alitaka mchoro wa tembe moja, nyumba kongwe ya udongo ya huko, iliyopimwa kwa mkono. Bila mchoro, masomo yangeishia hapo na ningerudishwa kwetu.

Kutoka Misigiri nilitembea asubuhi nzima, futikamba begani. Watu waliniambia tembe iko nyuma ya kilima, niharakishe, maana Jumatatu mwenyewe anahamia kijiji cha ujamaa na nyumba itabomolewa. Nikapanda, nikashuka, nikatokea kwenye uwanja wa udongo ulioanikwa mtama. Nyumba sikuiona. Nikaanza kuwasema watu wa bara kwa kuelekeza ovyo, nikapiga hatua moja ya hasira, na mguu wa kulia ukazama hadi pajani.

Chini yangu mtu alikohoa.

Uwanja ule ulikuwa paa. Kwa nyuma lilikutana na mteremko, tambarare kabisa, na mimi nilikuwa nimeikanyaga nyumba niliyoitafuta.

"Shikamoo!" niliita kupitia tundu.

Nikahisi kiatu kinavuliwa.

"Shuka," ilisema sauti ya bibi kizee. "Mkubwa hasalimiwi kutoka juu ya kichwa chake. Kiatu chako ninacho huku."

Mlango ulikuwa mfupi; niliingia nimeinama, nikamwamkia upya.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa umeingia kama mtu."

Nikaomba kupima.

"Utapima ukishaziba."

"Lakini bibi, Jumatatu inabomolewa!"

"Leo Alhamisi, na mimi nalala humu."

Siku mbili nilikata fito, nikabeba udongo na mavi ya ng'ombe, naye akinielekeza kwa kiatu changu mkononi. Nilinung'unika sana, kimoyomoyo. Lakini kila tabaka nililolishika nililiandika, na futikamba isingeniambia hata nusu ya hayo.

Jumamosi nilipima, nikachora, nikamwonyesha: hapa ng'ombe, hapa meko, hapa kitanda chake.

"Na pale ulipoziba?"

Nilimwambia pale si pa kale, hapahusiki.

"Nyumba hii imenisitiri tangu niolewe. Kila aliyeitengeneza namjua. Na wewe jiandike."

Niliona aibu. Nikachora kiduara kidogo.

Jumatatu wanawe walipanda na majembe. Paa lote lilishuka bila ubishi, isipokuwa kiraka changu. Fito zake mbichi zilipinda tu, zikagoma kukatika, hadi likaletwa shoka. Bibi alicheka mpaka akatokwa na machozi. Alipoacha kucheka, machozi hayakuacha, na mimi nikasimama pembeni nisijue pa kuweka mikono.

Mchoro ulipita. Mwalimu aliuliza kitu kimoja tu, kidole kwenye kile kiduara.

"Matengenezo," nikamjibu.

"Ya lini?"

"Ya mwisho."