Mkungu wa Mgeni

Mwalimu Mackrine alifundisha uchumi wa kilimo katika chuo kidogo cha Kihanga, na watu walimwita Mama Hasara, maana hakupita kwenye shamba la mtu bila kuuliza linapoteza nini. Hata kwenye harusi ya mdogo wake aliuliza zile ndizi za pombe ya rubisi zingefanya kazi gani nyingine. Tangu hapo harusi nyingi zilipita bila yeye kupata habari.

Sasa somo lenyewe lilikuwa mashakani. Mkuu wa chuo, Bwana Novatus, alitaka kulifuta na kumpa Mackrine vipindi vya ufugaji wa kuku.

"Wakulima hawakuelewi, mwalimu. Nitakwenda kijijini Kituntu, unakowafundisha, nijionee. Wakielewa, somo libaki."

Darasa likakaa uani kwa Bibi Kokubanza, mkulima wa Kituntu. Mackrine akaeleza kwamba ukichagua jambo moja, kile ulichokiacha ndiyo gharama yake. Hata mkungu wa kibanja chako mwenyewe, shamba lako la migomba, ukiula, kuna kitu umekikosa. Akina mama waliguna, basi. Novatus akapiga miayo. Mackrine akaanza kusikia harufu ya banda la kuku.

Somo lilipokwisha, Novatus alifungua buti la gari akasogeza tairi la akiba pembeni, taratibu, kama mgeni yeyote anayejua desturi za huku, kwamba mgeni haondoki bila mkungu wa ndizi. Hakuna aliyeinuka.

"Unatafuta nini, baba?" akauliza Kokubanza.

"Napanga tu gari, mama."

"Mkungu wako tuliukata asubuhi, ule pale. Lakini mwalimu ametufungua macho. Ukiubeba wewe, sisi tunakosa nini?"

"Sabuni!" akadakia jirani yake, Therese. "Na chumvi. Halafu huyu si ana kibanja chake Bugomora? Migomba imeinama mpaka chini!"

"Mama, mgeni hapimwi hivyo," Mackrine akanong'ona, jasho likimtoka.

"Ala!" akasema Therese. "Kwani tumbo la mgeni haliingii kwenye uchumi?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Novatus akabamiza buti.

Walipofika chuoni Novatus alizima gari, akabaki ameshika usukani.

"Wameelewa," akasema kwa sauti ya mfiwa. "Somo libaki."

"Asante sana, mkuu."

"Ila siku nikija mimi, mwalimu, fundisha mbolea."