Mvule Wenye Mawimbi

Wavinya, ambaye majirani zake wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, humwita Mama Muthoki, alijifunza kukereza mbao kwa babake, mchongaji wa twiga na vifaru vya watalii. Watalii walipopungua, akageukia fimbo za pool. Hamwamini mtu upesi. Kuna mwaka aliuziwa mbao mbichi akiambiwa ni kavu. Fimbo ikapinda baada ya mwezi, na mteja akaja kuitupa mlangoni pake watu wakitazama.

Aprili iliyopita alikuja Abdiqani, fundi wa simu kutoka Eastleigh, anayecheza pool timu moja na dadake Ambaro. Alitaka fimbo mbili zinazofanana, sehemu ya kushika iwe na mawimbi.

"Mawimbi ya mti wenyewe, Mama Muthoki," alisisitiza. "Si ya kuchora."

Karibu na soko la Muthurwa yuko Patrobas, muuzaji wa mbao za nyumba zilizobomolewa. Alimtolea Wavinya vipande viwili vya mvule vilivyotoka kwenye fremu moja ya mlango, kila kimoja kikitosha fimbo moja. Alipokigeuza kimoja kwenye mwanga, kilimeta kama satini inayotikiswa. Wavinya alilowesha kidole akasugua. Rangi haikutoka. Akaomba randa, akapiga mara mbili; ndani mawimbi yalikuwa yale yale.

"Imetoka nyumba gani?"

"Nyumba ya zamani. Hii mbao ilikauka kabla sijazaliwa."

"Wote husema hivyo."

"Chukua vyote viwili, mama. Hivi ni pacha."

"Nachukua kimoja. Nikihakikisha ni kikavu, nitarudia kingine."

Patrobas akamfungia kimoja.

Mbao mbichi hupungua uzito kila wiki inavyokauka, kwa hiyo Wavinya alikipeleka kwa Vivian, anayeuza nafaka ghorofa ya chini, akakiweka kwenye mizani. Kilo moja na gramu mia sita. Akaandika kwa penseli ubavuni. Wiki iliyofuata alikipima tena: gramu thelathini zaidi.

"Hii mizani yako umeichezea?" alimuuliza Vivian.

"Mama Muthoki! Wateja wangu wote wananiamini. Nenda ukapime kwingine."

Alienda kwingine, jibu likawa lile lile. Akadhani mtu ameingia chumbani kwake akabadilisha kipande. Lakini mwandiko ulikuwa wake. Basi ni Patrobas, akaamua. Lazima alikiloweka kwenye kitu kinachovuta maji. Siku tatu hakukigusa.

Wakati huo wote mvua ilikuwa hainyeshi tu, inamwagika. Nguo hazikauki kambani. Asubuhi ya nne mlango wake ulivimba, akausukuma kwa bega ndipo ukafunguka, na hapo akasimama. Alichukua mbao yake mwenyewe, aliyoikausha miaka minne na kuipima Februari, akairudisha kwenye mizani. Nayo ilikuwa imeongezeka. Ilikuwa ni unyevu wa hewa tu. Kipande kibichi kingeendelea kupungua; hiki kilikuwa kikavu kama alivyoambiwa.

Alifika Muthurwa akihema.

"Kile kingine nimekiuza juzi," Patrobas alimwambia. "Kwa fundi wa vitanda. Ameshakifanya mguu."

"Amekipaka rangi?"

"Kahawia."

"Si ungenipigia simu?"

"Nikupigie, na wewe uliniona mwongo?"

Wavinya alirudi Pipeline mikono mitupu.

Alimweleza Abdiqani mambo yote bila kujitetea. Fimbo ya mvule ilipokamilika, Ambaro aliishika, akainama kana kwamba analenga mpira, na hakuirudisha. Kakake alitengenezewa ya mkangazi wa kawaida, akaipokea shingo upande.

Patrobas bado humuuzia mbao, ila sasa humtaka aamue pale pale. Kwa Vivian kulikuwa kugumu zaidi. Ilimchukua Wavinya wiki mbili kuomba radhi, na hata alipoiomba alikuwa ameangalia magunia ya maharagwe.