Sobremesa ya Mama Bibiane

Saa saba mchana, bukari, ugali wa huku, imekwisha. Sahani zimebaki na miiba ya samaki na mikono imeshaoshwa, lakini katika mgahawa wa Mama Bibiane, pembezoni mwa Likasi, hakuna anayeinuka.

Kabongo, mchimbaji wa shaba anayeelekea Kambove, anajaribu. Anaivuta baiskeli yake iliyoegemea ukuta.

"Ikala!" Mama Bibiane anampigia kelele kutoka jikoni. "Weye unakimbia nani?"

"Mama, chef wa kazi ananingoja."

"Ule chef ndiye alikupikia?"

Wenzake wanacheka. Kabongo anarudi kwenye kiti. Simu inalia, naye anajibu kwa sauti ya mtu mwenye sababu nzuri: "Chef, niko mu sobremesa."

Tega sikio: chakula kimekwisha, utamu ndiyo kwanza unaanza. Ni nini hicho? Ni sobremesa, neno la Kihispania. Mesa ni meza, ileile yetu. Sobremesa ni ule muda baada ya kula, watu wamekaa palepale wakizungumza, na hakuna wa kuwafukuza. Kwao Wahispania ni neno la kila siku. Mtu akichelewa kurudi Jumapili, husema tulikuwa kwenye sobremesa, na yamekwisha.

Mama Bibiane, mwenye miaka sitini na mmoja, alilipata neno hilo ujanani alipokuwa mpishi wa watawa. "Kulikuwa masœur mumoja wa Espagne," anasimulia. "Alisemaka, ukikula na kuondoka, umekula sawa mbuzi."

Hapa kwake amelifanya sheria, kwa sababu ya mumewe, Damas. Siku moja Damas aliinuka mezani tonge likiwa bado mdomoni, akaenda Kambove, na shimo likamporomokea. Hajatolewa mpaka leo.

"Angekaa kidogo tu," anasema Mama Bibiane, "angekuta shimo imekwisha kuanguka bila yeye."

Lakini sobremesa hii ina jambo lake. Mazungumzo hufika mahali yakapoa, kama yapoavyo mezani popote. Hapo ndipo kitu hugonga chini ya sakafu. Polepole, mara chache, kisha kinanyamaza. Wanaokula upesi na kwenda zao hawajawahi kukisikia.

Jirani wa Mama Bibiane, Bertin, ambaye choo chake kilizama chote msimu wa mvua uliopita, anadai kuna watu wanaochimba kwa siri chini ya mtaa. Amezunguka kila ua. Hajaona mlango wa shimo, wala rundo la udongo mpya.

Binti wa Mama Bibiane, Blandine, anataka mama yake ahamie kwake katikati ya mji kabla nyumba haijafuata choo.

"Mama, hii nyumba itakumeza," anamwambia, akiwa amesimama mlangoni. Hapendi kuingia.

"Minye nitaenda namna gani? Papa yako alikuwa anagonga meza vile vile, akitaka maji."

"Papa alibakia Kambove. Ni mbali."

"Ni mbali kwa kinga," anajibu mama, akionyesha baiskeli ya Kabongo. "Chini ya udongo, nani alipima?"

Mezani watu wanaacha kuongea. Glasi zinaanza kutetemeka, halafu inasikika: ngo, ngo. Kabongo anainua miguu yote miwili kutoka sakafuni, kama anayevuka maji.

Mama Bibiane hashtuki. Anachota kikombe cha maji, anapiga magoti na kumimina taratibu kwenye ufa wa saruji. Kikombe kizima kinaingia. Hakuna tone linalorudi.

"Mama," Kabongo anauliza kwa sauti ndogo, "ile maji inaenda wapi?"

Blandine anaanza kulia pale mlangoni. Ni machozi hayo yanayomlainisha mama yake. Wanakubaliana mbele ya wote: Jumamosi Kabongo na Bertin watavunja sakafu. Wakikuta udongo mtupu, Mama Bibiane atabaki na mgahawa wake. Wakikuta pako wazi, atahama siku hiyohiyo, naye ameapa hatabisha.

"Na kama kuko muntu?" anauliza Kabongo.

Mama Bibiane anajifuta magoti.

"Mutamupandisha pole pole," anasema. "Minye nitamuuliza kwanza kama amekula."