Nakuja na Herufi za Kichina

"Umeniua! Umeniua, umenizika, na kaburi umelikanyagakanyaga lisifukuke! Miaka miwili nasoma mpaka ubongo umeota sugu, halafu wewe unanimaliza kwa dakika kumi!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke anayechapa barua za watu kwenye duka la fotokopi. Marehemu mwenyewe alikuwa amekaa wima mbele ya kompyuta yake, mzima wa afya. Muuaji alikuwa kasimama mlangoni na bisibisi mkononi: mdogo wake wa kiume, fundi wa kompyuta, redio, feni na chochote chenye waya. Mtaa mzima tunamwita Nakuja.

Jina hilo alijipa kwa mdomo wake. Kila akiondoka husema "nakuja". Sote tunasema hivyo, lakini sisi wengine huwa tunarudi. Yeye ukimpa redio leo, anaifungua, anapanga skrubu vizuri kwenye kifuniko, anasema "nakuja", na skrubu zako zinaota kutu zikimsubiri. Mvivu siyo. Mikono yake ina akili kuliko vichwa vya wengi. Tatizo ni makalio, hayajawahi kupatana na kiti. Mama yao, ambaye magoti yamemlaza kitandani mwaka wa tatu huu, humwambia, "Mwanangu, wewe nilikuzaa nikiwa nakimbia."

Sasa siku hiyo dada mtu alikuwa na mtihani wa kazi. Kampuni moja ya mitambo, mji wa mbali huko, ilitaka mkalimani wa Kichina. Walimtumia barua aitafsiri, majibu yawafikie kabla ya saa sita mchana, yamechapwa kwa herufi za Kichina. Picha ya karatasi hawataki. Kwenye daftari alikuwa ameshamaliza tangu alfajiri. Lakini kompyuta yake ya mtumba ilijua a-be-che tu. Ndiyo akamwita mdogo wake aiwekee programu ya kuandikia Kichina, ile unachapa sauti ya neno kwa herufi zetu, inakuletea safu ya herufi zao, unachagua.

Nakuja akaja kweli, saa nne. Akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kila alichoulizwa ndiyo, bila kusoma, kama bwana harusi mwenye haraka. Mstari wa kupakia programu ulipofika nusu akaaga kama kawaida yake, akaenda kumtazamia mtu feni. Kurudi saa tano na robo, kompyuta nzima imekuwa Mchina. Menyu Kichina, tarehe Kichina, hata pale pa kuzimia. Ila ukichapa, bado a-be-che.

"Kwa hiyo kusoma inajua, kuandika ndiyo haijui?" nikauliza. Mimi nilikuwa nimefuata kuazima pasi tu.

"Jirani, chukua pasi yako unyamaze!"

"Dada, hiki kitu kidogo," Nakuja akasema. Akashika kipanya, akafungua dirisha moja, akaganda. "Ila hapa... sijui pameandikwa nini."

"Mimi kusoma naweza. Sijui pa kubonyeza."

Wakatazamana. Halafu nikaona jambo sijawahi kuliona: Nakuja akavuta stuli, akakaa.

"Tafuta palipoandikwa mipangilio."

"Hapa."

"Ingia. Nisomee kushuka chini."

"Mtandao. Sauti. Saa na lugha..."

"Hapohapo! Ndani kuna kibodi?"

"Ipo. Inasema ongeza."

"Ongeza, dada, ongeza!"

Mguu wake ulikuwa unacheza chini ya meza mpaka kopo la kalamu likawa linatembea. Mama akaita kutoka chumba cha ndani: "Huyo bado yupo? Anaumwa?"

Kompyuta ikaomba izimwe na kuwashwa upya. Nakuja akasimama. Dada akamdaka upindo wa shati.

"Inajimalizia yenyewe hiyo."

"Na wewe utajimalizia hapo hapo. Kaa!"

Akakaa. Akahesabu mbao za dari. Akafungua kalamu ya dada yake vipande vinne, akairudisha. Akaniuliza saa mara tatu, na mara zote ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Mashine ilipowaka, dada akagusa vitufe viwili, safu ya herufi ikachomoza. Vidole vikaanza kukimbia, jicho moja kwenye daftari, na saa sita kasoro dakika tatu akatuma. Hatujakaa sana, kompyuta ikalia.

"Wanasemaje?" Nakuja akauliza.

"Imefika." Akasoma tena polepole. "Wanasema nikifaulu, niwe tayari kuhamia huko mwanzo wa mwezi."

Kule ndani mama akakohoa, akaomba ageuziwe mto. Dada akaenda kumgeuzia kama anavyofanya kila siku, akarudi akasimama katikati ya milango miwili. Zile kelele zote zilikuwa zimemwisha.

"Mdogo wangu. Wakiniita, utakaa na mama?"

Nakuja alikuwa ameshakusanya bisibisi zake. Akaitazama ile stuli, akalitazama pazia la chumba cha ndani, akajikuna shingo.

"Feni ya watu nimeiacha wazi," akasema. "Nakuja."

Tukasikiliza ndala zake, pa pa pa, mpaka zikakata kona.