Leo nimeomba kifaa cha rafiki yangu kishindwe

Leo nimeomba kimoyomoyo kifaa cha rafiki yangu kishindwe mbele za watu.

Mimi na Tusekile tulisoma uzamivu pamoja. Tukaomba nafasi moja ya utafiti baada ya uzamivu, kwenye timu ya madaktari, wahandisi na wanabiolojia wanaotengeneza kifaa cha kupima upungufu wa damu bila sindano.

Akachukuliwa yeye.
Mimi nikarudi Ikolo kwa mama.

Leo amekuja kukijaribu kwenye zahanati yetu. Nikaenda kumsalimia. (Haya, nilienda kumchungulia.)

Mjamzito wa kwanza alikuwa mfinyanzi wa vyungu, vidole vimekomaa kwa udongo. Kifaa kikabanwa kidoleni, hakikusoma. Mara ya pili, ya tatu, kimya.

Nilifurahi, jamani. Nisiwadanganye.

Kisha yule mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani damu yangu imeisha?"

Furaha ikanitoka. Ngozi ngumu ndiyo niliyoisomea miaka yote ile.

"Bana kwenye ndewe ya sikio," nikamwambia Tusekile.

Kikasoma. Damu ipo ya kutosha. "Ndaga," yule mama akanishukuru.

Tusekile akawageukia wauguzi. "Huyu Lugano ndiye aliyestahili nafasi yangu."

Alisema kwa moyo safi, na hapo ndipo wivu uliponichoma kabisa. Angeringa hata kidogo, ningepata sababu ya kumchukia.

Nimeondoka bila kumuaga.

Nimpigie leo, au nisubiri wivu upoe kwanza?