Bi Kidogo Anajifunza Kulalamika

Mimi nauza ndoo na mabeseni. Mtu akitaka kujua watu wa huku na huko wanavyolalamika, asihangaike kusafiri. Aje akae nami kibandani siku mzigo wa ndoo umekuja mbovu.

Wapo wanaoitua mezani kwa kishindo: "Inavuja. Nipe nyingine." Hajasalimia, hajapumua, na nikishampa nyingine anacheka nami kama tumenyonya ziwa moja. Wapo wanaoanza na hali yangu, wakaja kwenye hali ya mume wangu, wakasifu kibanda kilivyopangwa, wakaaga, wakaondoka, halafu ndipo wanageuka: "Ile ndoo yako ni nzuri kweli. Sema tu maji yameikataa." Na wapo wasiosema kabisa. Hao nawajua kwa sababu wamehamia kwa muuza ndoo mwenzangu, na tukikutana njiani wananikumbatia kuliko zamani.

Dada yangu mkubwa hayumo katika makundi yote hayo. Yeye nilimpa ndoo yenye ufa bila kujua. Akapanda vitunguu ndani yake, akaja kunishukuru kwa kumpa bustani.

Dada ni fundi cherehani. Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, mashine imetazama barabara, utepe wa kupimia uko shingoni hata siku ambazo hashoni. Mtaa mzima unamwita Bi Kidogo, kwa sababu hakuna jambo analolitaja bila kulipunguza. Akisema ana njaa kidogo, ujue hajala tangu jana. Akisema mguu unamuuma kidogo, tafuta gari. Nyumba yake ikishika moto atatoka nje aseme samahanini majirani, ndani kuna joto kidogo.

Marehemu shemeji aliishi naye miaka mingi na sidhani kama aliwahi kulalamikiwa kwa maneno. Alijifunza dalili tu. Siku zote alikuwa "mume wangu". Siku akiitwa "Mheshimiwa", aliweka gazeti chini akaanza kujikagua: viatu vina tope, mlango aliuacha wazi, mgeni alimleta bila taarifa? Aliwahi kuniambia, "Shemeji, wenzangu wanafokewa na kosa wanalijua. Mimi napewa cheo, halafu nabaki nahangaika."

Hawakujaliwa watoto. Shemeji alipofariki nyumba ikawa pana mno kwa mtu mmoja, dada akapangisha chumba cha uani.

Aliyekipata ni mwalimu wa udereva. Mwanamke mrefu, bado kijana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Kwao ni mbali. Lugha yetu ameijua ukubwani, tena ameijulia garini: kanyaga, achia, tazama kioo, simama. Hata akikutakia usiku mwema unahisi umepewa amri. Alimwita dada Mama, mimi akaniita Mama mdogo, na sisi tukamwita Mwalimu.

Asubuhi yake ya kwanza alimkuta dada kwenye mashine. "Mama, chumba kizuri. Dirisha halifungi. Bomba linavuja. Mlango wa choo mbovu." Akaenda kazini akipiga mluzi.

Nilipopita baadaye nilikuta cherehani imefunikwa na dada naye amejifunika, shuka mpaka puani.

"Umekuwaje?"

"Mpangaji amenitukana kidogo."

Nikakaa kitandani, maana matusi nayapenda yakiwa ya watu wengine. "Amesemaje?"

"Amesema dirisha halifungi."

"Kwani linafunga?"

"Halifungi. Lakini mdogo wangu, unamwambiaje mtu mzima dirisha lake halifungi, tena kabla ya chai?"

Jioni Mwalimu alirudi na bisibisi. Akalitengeneza dirisha mwenyewe, kisha akavuta kigoda jikoni, akachukua kisu na kuanza kukata vitunguu, huku anasimulia mwanafunzi wake aliyegonga nguzo akashuka na kuiomba radhi. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Kesho yake dada akaninong'oneza, "Mtu ananitukana asubuhi, jioni ananikatia vitunguu. Huyu ana mapenzi au ana wazimu?"

Wakazoeana. Macho ya dada siku hizi hayalioni tundu la sindano. Mwalimu alipogundua, akawa kila asubuhi kabla ya kutoka anamtungia sindano kadhaa, za uzi mweusi, mweupe na mwekundu, anazichomeka kwenye kimto cha pini. Hakuombwa. Jumapili alimzungusha mjini kwa gari la mafunzo, dada amekaa nyuma kama waziri, kibao cha mwanafunzi kimening'inia mbele. Nikaanza kumsikia dada akiwaambia wateja "binti yangu", kwa sauti ya chini, akidhani mimi nahesabu vifungo.

Kilichokuja kuharibu ni redio. Mwalimu huamka alfajiri kufanya mazoezi ya viungo, na redio ndiyo inayompa mdundo. Ukuta wake ndio ukuta wa kitanda cha dada, na dada, ambaye hushona hadi macho yakatae, usingizi wake mtamu ni huo wa alfajiri.

Alivumilia mpaka akachoka. Ndipo akalalamika, kwa namna yake.

"Mwanangu, redio yako ina sauti nzuri. Naisikia mpaka kitandani."

"Asante, Mama." Mwalimu alifurahi kweli. Kesho yake akaisogeza karibu na ukuta ili Mama asikie vizuri zaidi.

Dada akaongeza ukali. "Siku hizi naamka mapema kidogo. Sijui ni uzee."

"Ni afya, Mama. Njoo turuke wote."

Ikabidi atoe la mwisho. Akamwita Mheshimiwa. Mwalimu akacheka, naye akamwita dada Mheshimiwa, na ikawa utani wa nyumba nzima.

Basi dada akafanya kilichobaki kwa mtu wa adabu yake: akawaambia wengine. Si umbeya. Umbeya mimi naujua, na huu haukuwa wenyewe. Kwa dada, lalamiko la heshima halimwendei mtu moja kwa moja kama jiwe. Linapita kwa mdogo mtu, linapita kwa jirani, linapita kwa mteja anayejaribu gauni, na kila anayelibeba anapunguza makali yake. Likimfikia mwenyewe limeshalainika, analipokea bila aibu, redio inashushwa, na hakuna aliyemkosea mwenzake neno. Ndivyo alivyokuwa akisema na pini mdomoni: "Yule binti ni mzuri sana. Sijalala tangu ahamie, lakini ni mzuri sana."

Likasafiri kweli, ila safari hii lilipata mbebaji mbaya. Mteja mmoja wa dada alikuwa akijifunza gari kwa Mwalimu. Siku hiyo alifokewa kwenye makutano ya barabara, akaona naye arudishe. "Ndiyo maana mama mwenye nyumba anawaambia watu hajalala tangu uhamie." Nasikia Mwalimu alikanyaga breki ya upande wake, gari likazima palepale, na nyuma honi zikaanza.

Mchana huohuo alisimama mbele ya kibanda changu.

"Mama mdogo. Jumamosi nahama."

"Unahamia wapi?"

"Karibu na shule ya udereva. Chumba kibaya. Lakini mwenye nyumba amenifokea tangu siku ya kwanza. Mtu mzuri."

"Na dada yangu amekukosea nini?"

"Mama hanipendi. Ana shida na mimi, amewaambia watu wote. Mimi hajaniambia."

"Alikwambia. Si alisema redio ina sauti nzuri?"

"Hiyo ni sifa."

"Hilo ni lalamiko."

Akanitazama. "Alisema anaamka mapema."

"Lalamiko."

"Mheshimiwa?"

"Hapo mwanangu alikuwa amefika mwisho. Zaidi ya hapo hana silaha."

Akachukua beseni, akaligeuzageuza kama atakuta maelezo chini yake. "Haya mtu anayajuaje? Mnafundishwa wapi?"

"Hatufundishwi. Mtu anazaliwa nayo. Mimi yalinipita, ndiyo maana mimi na wewe tunasikilizana."

Hakucheka. Akarudisha beseni mahali pake, akalinyoosha lilingane na mengine. "Kwetu, mtu anayekupenda anakuja mlangoni anakwambia kosa lako. Asiyekupenda anawaambia wengine, kwa sababu wewe ameshakufuta. Bibi yangu alinigombeza kila siku. Siku aliyoacha, tukaita daktari."

"Sasa dada akija akakwambia?"

"Akija mwenyewe, akaniambia usoni, nakaa. Usije wewe. Asije jirani. Yeye."

Nikafunga kibanda mapema, nikaenda kwa dada. Nilipomaliza kumweleza, mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali na mkono uko hewani.

"Anahama?"

"Jumamosi."

"Na ili asihame, nimtukane?"

"Umwambie redio inakusumbua. Basi."

"Hajanifanyia ubaya wowote, nimwambie maneno kama hayo?" Macho yalikuwa yameshaanza kulowa. "Labda nimshonee gauni."

"Gauni halisemi redio ipunguzwe, Dada. Haya, mimi ndiye Mwalimu. Niambie."

Akajiweka sawa, akavuta pumzi. "Redio yako ni nzuri—"

"Dada."

"Redio yako inanisumbua kidogo."

"Toa kidogo."

"Inanisumbua kidogo tu."

"Umeongeza."

"Sasa na wewe unanikaba." Akaanza kushona kwa kasi, mshono ukaenda upande, akaufumua. Tulijaribu tena na tena. Kila lalamiko lililotoka kinywani mwake lilitoka limevaa nguo za sikukuu. Mwisho akasema, bila kuniangalia, "Akienda, nyumba itakuwa na ukimya mwingi," na hapo hakupunguza chochote.

Jumamosi mchana tulikuwa wote uani. Mwalimu alikuwa amefunga godoro juu ya gari la mafunzo kwa kamba, ameingiza sufuria na viatu kwenye buti, na sasa alibeba redio kifuani. Hakuwa na haraka. Aliwahi kurudi ndani kuchukua kitu akatoka mikono mitupu. Dada alisimama mlangoni, utepe shingoni, akiukunja ncha na kuukunjua.

"Mama, nakwenda," Mwalimu akasema, akasubiri.

"Safari njema, mwanangu."

Nilitamani kumfinya. Mwalimu akatikisa kichwa polepole, akafungua mlango wa gari, akaweka redio kwenye kiti, akaufunga.

"Hiyo redio," dada akasema.

Mwalimu akageuka.

"Hiyo redio siipendi." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika. Akashika fremu ya mlango. "Inaniamsha alfajiri. Sijalala vizuri tangu uje. Nashona nimelala, wiki iliyopita nimemshonea mtu mkono mmoja mrefu."

"Endelea," Mwalimu akasema.

"Sina la kuendelea." Kisha likamjia. "Taulo lako lenye maji unalianika juu ya vitambaa vya wateja. Unaita kutoka uani 'Mama umenenepa' na watu wanapita. Vitunguu unakata vinene, nakuja kuvikata upya ukishalala."

"Vitunguu vinene vina ladha, Mama."

"Havina."

"Vina."

"Kwangu havina, na jiko ni langu." Dada alikuwa ameteremka ngazi, hajui ameteremka saa ngapi. Alikuwa mwekundu wa macho, na mimi, niliyemjua tangu utotoni, nilikuwa namwona mtu mgeni mwenye utepe wa dada yangu. "Na unafunga godoro, unaweka vyombo garini, unaondoka nyumbani kwangu kwa maneno ya mtu wa barabarani, hukuniuliza. Hukunigongea ukaniuliza, Mama ni kweli? Hilo baya. Redio si kitu. Hilo ndilo baya."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwalimu alitafuta maneno.

"Hilo kweli," akasema. "Nilikosea. Redio nitainunulia spika za masikioni. Taulo nitaanika nyuma. Vitunguu sikubali."

"Tutaona."

"Umenenepa pia ni kweli."

"Najua ni kweli. Useme ndani."

Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sina mchango, kwa mara moja maishani hakuna aliyenihitaji. Mwalimu alimsogelea dada, akasimama mbele yake kama mwanafunzi anayesubiri kuambiwa amefaulu au arudie.

"Umemaliza, Mama? Au kuna lingine?"

Dada akafikiri. Akajifuta uso kwa ncha ya gauni, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Liko moja," akasema. "Lakini hilo nitakwambia kesho."

Mwalimu akaanza kufungua kamba za godoro.