Fimbo ya Mgeni wa Chundwa

Mjomba wangu ndiye aliyenifunza kirumbizi, na mtu akikwambia kirumbizi ni mchezo wa fimbo wa kuchangamsha harusi tu, mwulize kama amewahi kuchapwa muundi wa mguu kwa fimbo iliyopakwa sifa. Sifa ni yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya baharini pale kwetu Matondoni. Tulipaka fimbo zetu zisipasuke, na harufu yake mama aliikataa kabisa ndani ya nyumba. Wanafunzi tulikuwa watu wazima wenye ndevu, mchana mafundi wa mbao na wavuvi. Alasiri, nyuma ya banda la kuundia majahazi, hatukuwa na letu mbele ya mjomba. Alikuwa na somo moja: usitazame fimbo, tazama bega, kwa sababu bega ndilo linaloonyesha pigo linakwenda wapi. Ukipepesa macho, unalo la muundi. Nilipepesa mwaka mzima. Kuna siku nilimchukia, nasema kweli, nikaapa sirudi tena, na kesho yake nikarudi.

Basi mimi ndiye niliyegundua. Tulikuwa wawili tu uwanjani, nikamtupia pigo jepesi, la kitoto, upande wake wa kulia. Akachelewa. Fimbo yake ilikuja juu wakati yangu imeshagusa kofia yake. Nikadhani ananifanyia mzaha, nikarudia upande ule ule, akachelewa tena. Hapo nikamtazama usoni vizuri, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu, maana tulifunzwa mabega. Jicho la kulia lilikuwa limeingia utando mweupe.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, mjomba."

"Basi na likae tumboni."

Likakaa tumboni, likanila. Miezi ikapita, akaendelea kufunza, na wenzangu hawakujua kitu. Mimi nilikuwa nikimwogopea na kumkasirikia kwa pamoja, kwa sababu mzee akipenda sifa za watu kuliko kichwa chake, wewe utamfanyaje?

Ikaja harusi. Binti wa jirani yetu alikuwa akiolewa na kijana wa Chundwa, kule Pate, na wageni walikuja na mpiga zumari wao na fundi wao wa fimbo. Desturi ni kwamba mafundi wawili ndio wafunguao uwanja. Mwenyeji akikataa, amewatukana wageni na amewaaibisha wenye harusi. Asubuhi nilimsihi mjomba asingizie homa.

"Homa ya nini?" aliniuliza. "Watu waseme nimemwogopa mtu wa Chundwa?"

Akavaa kikoi kipya, akatoka.

Alasiri wanaume wakafanya duara, zumari ikalia. Fundi wa Chundwa akaingia, mtu wa mabega mapana, na fimbo ameishika kwa mkono wa kushoto. Ukisimama uso kwa uso na mtu wa mkono wa kushoto, mapigo yake mengi yanakujia upande wako wa kulia. Na katika kirumbizi pigo hulengwa kichwani, kinga yako ni fimbo yako tu. Niliwahi kuona mtu akibebwa mzobemzobe kutoka uwanjani, na hakuinuka kitandani mpaka mwezi ukaandama.

Ipo njia ya kumtoa mchezaji. Unaingia kwa nyuma, unamgusa bega, unafungua kiganja, naye anakupa fimbo yake anatoka. Tunaita kupokea. Mkubwa hupokewa na mdogo, mgeni na mwenyeji, na hakuna anayenung'unika. Lakini mwanafunzi hampokei fundi wake. Akifanya hivyo amewatangazia watu kwamba fundi amekwisha, na fundi huyo haingii tena uwanjani maisha yake yote. Kwa hiyo nilikuwa na mawili, kumwacha mjomba apasuliwe kichwa au kumzika akiwa hai.

Askari mmoja wa bara, mgeni kituoni, alikuwa karibu yangu. Akaninong'oneza, "Hawa wamekosana?"

"Tulia, bwana. Ni harusi."

Sidhani kama aliniamini.

Pigo la kwanza mjomba alilikwepa kwa kurudi nyuma. La pili alilikinga, kwa bahati. La tatu likaangusha kofia yake mchangani. Fundi wa Chundwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa anacheza tu, lakini niliona bega lake linapanda tena.

Nikaingia. Sikwenda kwa mjomba. Nilikwenda nyuma ya mgeni, nikamgusa bega, nikafungua kiganja.

Aligeuka akanishangaa. "Wataka kumkabili fundi wako mwenyewe?"

"Nataka kujifunza."

Watu wakacheka, naye akanipa fimbo, maana hakuna wa kukataa kupokewa.

Nikamchezea mjomba kushoto, upande wa jicho zima. Nililipandisha bega kabla ya kila pigo, polepole, hata kipofu angejua linakokwenda. Alikinga yote. Watu wakaanza kumshangilia, "Fundi! Fundi!" nami nikaanza kupumua. Mara fimbo zetu zikakutana, akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake.

"Wanitezea kama mtoto," alisema. "Pija kuume."

Nikajifanya sikusikia.

"Pija kuume, au nitaitupa fimbo hapa hapa niwambie watu wote sababu."

Aliweza, namjua. Nikainua bega nikampiga kulia, pigo la kweli, kwa sababu la uongo angelijua. Hakulikinga. Aliingia chini yake, kifua kwa kifua, na fimbo yake ikanitua juu ya sikio la kushoto. Nikapiga magoti. Damu ikanishuka shingoni, watu wakapiga vifijo, na fundi wa Chundwa akaja akamkumbatia mjomba mbele ya kila mtu. Jina lake lilikuwa limepona. Nami pale mchangani, kichwa kikivuma, nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa.

Nyumbani mama alitugombeza wote wawili, kisha akaenda kuchemsha maji. Mjomba alikaa kitandani kando yangu, akachukua kitambaa kilicholowa. Jua lilikuwa bado halijatua, mlango uko wazi, chumba chote kina mwanga. Akaanza kunifuta. Alifuta kipaji cha uso, halafu akashuka kwenye sikio la kulia, akafuta pale kwa uangalifu mkubwa, akikamua kitambaa na kurudia. Pale palikuwa pakavu. Damu ilikuwa ikitiririka upande wa pili, imelowesha shati, mbele ya lile jicho nililodhani ni zima.

"Mjomba," nikasema.

Kitambaa kikasimama.

"Mwanangu," akauliza, "nimekupija wapi?"

Nikamshika mkono, nikauweka kwenye jeraha.